Ndege wa Kaskazi: Mwongozo Kamili wa Kuwatazama, Kuwahesabu na Kupashana Habari Zao Pwani

Desemba na Januari, barafu inapofunika Siberia, ndege waliozaliwa huko wako kwetu. Wamesimama kwenye tope la Mida, la Sabaki, la Kunduchi na la delta ya Rufiji, wanakula kaa na minyoo. Mtazama ndege wa Uingereza huandika orodha yake ya Januari akiwa na glavu mikononi. Sisi tunaandika yetu na kandambili miguuni, na mara nyingi ni ndege wa aina zile zile anazozijua yeye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi pwani ya Kenya au Tanzania, au anayefika huko mara kwa mara, na ambaye yumo kwenye kundi la simu la watazama ndege au anafikiria kulianzisha. Msimamo wangu nauweka mapema: habari ya ndege huwa habari pale mwenzako anapoweza kuitumia. Ukinitajia ndege adimu bila saa wala mahali, umenipa stori tu. Ukinitajia ndege wa kawaida mia tatu, ukaniambia uliwahesabu wapi, saa ngapi na maji yakiwaje, kesho naweza kwenda pale pale na kulinganisha.

Hatua ya 1: Jua nani anakuja, na lini

Wa kwanza hufika Agosti, kusi ikiwa bado inavuma. Hao ni wakubwa waliomaliza kutaga. Mtazame Calidris ferruginea, yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini, na utaona mabaki ya rangi ya tofali kifuani. Makinda hufuata baadaye, Septemba hadi Novemba, bila mzazi wa kuwaongoza. Wametotolewa Aktiki ya Siberia mwezi Julai, na miezi michache baadaye wako Malindi. Novemba hadi Februari ndicho kilele. Machi wanaanza kurudisha rangi nyekundu, wanakula mfululizo, wengine hukaribia kuongeza uzito wao mara mbili, na Aprili wengi huondoka.

Si wote wanatoka kwenye barafu. Wale ndege wadogo wa mchangani wenye mabaka ya kijivu kifuani na tumbo jeupe, ambao nitawarudia kwenye hatua ya 6, hutoka jangwa na nyika za Asia ya Kati na nyanda za juu za Tibet. Na yule anayewaleta wageni Mida, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa, hajui baridi kabisa. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba na Bahari ya Arabu. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja ndani yake, jambo ambalo halifanywi na ndege mwingine wa jamii hiyo. Hapo ndipo mwenye ndugu Oman anapokuwa na faida. Barr al Hikman, kwenye pwani ya Oman, hupokea mamia ya maelfu ya ndege wa tope kila majira ya baridi, na aina nyingi ni hizi hizi za kwetu. Mtu mmoja wa kule akiwa kwenye kundi lenu, mnaanza kuona njia nzima badala ya kituo kimoja.

Upande wa nchi kavu wapo mbayuwayu, wapo kozi wa Amur (Falco amurensis) wanaopita Novemba na Desemba wakielekea kusini mwa Afrika baada ya kuvuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa India, na wapo keremkerem wekundu wanaoshuka kutoka kaskazini mwa Ikweta na kulala kwenye mikoko. Usiwaache nje ya orodha kwa sababu tu hawakutoka Ulaya.

Hatua ya 2: Chagua kipande chako, kiwe kidogo

Anayeanza hutaka kwenda kila mahali. Mimi namshauri achague kipande anachoweza kukifikia kwa bodaboda au kwa miguu, na kukitembea chote kwa saa mbili. Kipande kidogo kinachotazamwa mara kumi kwa msimu kinasema mengi kuliko vipande kumi vilivyotazamwa mara moja moja.

Kama uko karibu na Watamu, hori ya Mida ina daraja la mbao la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kujificha, na linaendeshwa kwa faida ya jamii na wanafunzi wa maeneo yanayozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke. Malindi ina mlango wa mto Sabaki, mahali pazuri mno kwa shakwe na buabua, hasa jioni wanapokuja kulala kwenye mchanga. Kaskazini ya hapo, Gongoni hadi Kurawa, kuna mabwawa ya chumvi. Ni mali ya watu, kwa hiyo ruhusa huombwa getini kabla ya darubini kutoka mkobani. Dar es Salaam wana Kunduchi na mlango wa Msimbazi, ambao watu huupita kila siku kwenye foleni bila kugeuza shingo. Ukiwa karibu na bandari, daraja kubwa au kambi, usitoe kamera ndefu wala teleskopu kabla ya kuuliza. Hilo litakuokoa asubuhi nzima ya maelezo.

Na popote uendapo, salimia kwanza. Mzee anayetengeneza nyavu pale ufukweni anastahili shikamoo yake kabla hujasimamisha miguu mitatu ya teleskopu karibu na dau lake. Ukishamweleza unachofanya na kumpa darubini atazame, umepata mtu atakayekuambia ndege walilala wapi usiku. Kwenye hifadhi ya bahari, ulizia kiingilio mapema.

Hatua ya 3: Soma maji kabla ya kusoma ndege

Hii ndiyo hatua inayotenganisha asubuhi nzuri na asubuhi ya kutazama nukta nyeusi zilizo kilomita moja mbele yako.

Ndege wa tope hawafuati saa ya jua, wanafuata maji. Maji yakipwa, wanatawanyika kwenye tope lote kula, na huwezi kuwahesabu sawasawa. Maji yakijaa, tope linafunikwa, na wote wanasukumwa kwenye sehemu chache zilizobaki kavu: ulimi wa mchanga, ukingo wa mikoko, ukuta wa bwawa la chumvi. Hapo wamejipanga, wamesimama kwa mguu mmoja, na wewe unahesabu.

Kwa hiyo uwe umefika na kutulia saa mbili hivi kabla ya maji kujaa kabisa. Utawaona wakija kundi kwa kundi, wa mbali wakisogezwa karibu na maji yenyewe. Ukifika wakati maji yameshajaa, wewe ndiye utakayewarusha.

Sasa saa zenyewe. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi. Kila siku wakati husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mvuvi yeyote anajua haya bila karatasi, lakini wewe chukua jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe, kisha kumbuka kuwa ndani ya hori maji huchelewa kidogo nyuma ya bahari wazi. Utajua yanachelewa kiasi gani mahali pako kwa kuchomeka kijiti na kutazama saa.

Kuna mtego hapa. Maji mafu yanakupa saa nzuri ya asubuhi, lakini hayajai sana, kwa hiyo sehemu ya tope hubaki wazi na baadhi ya ndege hawasogei. Bamvua huwakusanya wote, ila jioni yake giza linakuja mbio. Wengi wetu tunapenda siku za katikati, siku mbili tatu baada ya bamvua, maji yanapojaa kwa nguvu kiasi na saa ikiwa saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Mwanga uko nyuma yako ukiwa upande wa mashariki wa tope, na ndege wamejaa mbele.

Usitembee mbali kwenye tope maji yakiwa yanajaa. Mkondo mdogo uliouvuka ukiwa umelowa vifundo tu unaweza kukufika kiunoni nusu saa baadaye, na teleskopu mkononi si boya.

Hatua ya 4: Vifaa

Darubini ya 8x42 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Inayokuza mara kumi hutetemeka zaidi mkononi, hasa kaskazi ikipuliza. Kwa hesabu za tope kubwa utahitaji teleskopu, lakini teleskopu moja kwa watu wanne si tatizo, na kwa kweli ndivyo makundi mengi yanavyofanya kazi. Chukua daftari dogo lenye jalada gumu, kalamu ya risasi kwa sababu wino hukimbia kwenye unyevu wa chumvi, kofia, maji ya kunywa. Ukirudi nyumbani, pangusa darubini kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi. Chumvi hula skrubu.

Hatua ya 5: Hesabu, usikisie kutoka hewani

Ndege hamsini huhesabiwa mmoja mmoja. Zaidi ya hapo, tumia mafungu. Hesabu kumi sawasawa, tazama hao kumi wanachukua nafasi gani ndani ya kioo cha darubini, kisha tembeza fungu hilo hilo juu ya kundi lote: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa la mamia, anza kwa kuhesabu hamsini, na tembeza hamsini. Pitia kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Namba mbili zikikaribiana, chukua kati yake. Zikipishana sana, rudia.

Macho ya mwanadamu hupunguza makundi makubwa. Karibu kila mtu anayeanza husema mia mbili mbele ya ndege mia nne. Dawa ni picha: piga kundi likiwa limekaa, nyumbani likuze na uhesabu nukta kwa nukta, ulinganishe na ulichoandika pale pale. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja na jicho litajirekebisha lenyewe.

Mkiwa wawili, mmoja ahesabu bila kutoa jicho kwenye kioo, mwingine aandike. Mkiwa pande mbili za hori moja, kubalianeni dakika ya kuanza, maana ndege waliorushwa upande mmoja hutua upande wa pili na kuhesabiwa tena. Mwewe akipita na kuwarusha wote, andika saa aliyopita. Hesabu ya kabla na ya baada ni vitu viwili tofauti.

Andika na sifuri. Kama uliwatafuta keremkerem kwenye mikoko wanakolala na hawakuwepo, hilo ni jambo la kuandikwa. Neno "wengi" lisiingie daftarini mwako hata siku moja.

Hatua ya 6: Tenganisha wanaofanana, au sema hukutenganisha

Kuna wachache utakaowajua haraka. Calidris alba, mweupe kuliko wote, anayekimbia na wimbi likirudi na kulikimbia likija. Arenaria interpres mwenye miguu ya rangi ya chungwa, anayegeuza mwani na mawe. Xenus cinereus ndiye mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na miguu mifupi ya manjano, anayekimbia ameinama kumfukuza kaa. Numenius phaeopus ana mistari kichwani, na filimbi yake ya sauti saba hivi za haraka utaisikia kabla hujamwona. Ndugu yake mkubwa, Numenius arquata, hana mistari hiyo, na mdomo wake ni mrefu hadi unashangaza. Pluvialis squatarola akiruka, tazama kwapani: ni peusi.

Kazi iko kwa wale wawili wa mchangani. Vitabu vya zamani huwaita Charadrius, vipya huwaita Anarhynchus, na yule mdogo aliyekuwa akiitwa mongolus siku hizi kwa upande wetu huandikwa atrifrons. Mkubwa ni leschenaultii. Wote wana mgongo wa kahawia ya kijivu, wote wana mabaka pande mbili za kifua, na ukimwona mmoja peke yake ukubwa haukusaidii kitu.

Anza na mdomo. Chukua urefu wake na uupime kwa jicho kuanzia pale unapokutana na uso kurudi nyuma. Kwa mkubwa, kipimo hicho hupita nyuma ya jicho. Kwa mdogo, huishia jichoni au karibu nalo, na ncha ni butu. Kisha miguu: ya mkubwa ni mirefu na ina rangi ya kijani au manjano hafifu, ya mdogo ni ya kijivu iliyokoza. Tope huharibu ushahidi huu, kwa hiyo subiri aliyetoka kuoga. Akiruka, vidole vya mkubwa hutokeza nyuma ya mkia. Ukiwa na dalili mbili zinazokubaliana, andika jina. Ukiwa na moja, andika "leschenaultii au atrifrons" na uendelee. Mtu anayeandika "sikutenganisha" mara tano kwa siku namwamini zaidi anapokuja kuandika jina.

Nimetumia majina ya kisayansi hapa makusudi, na kwenye kundi lenu fanyeni vivyo hivyo pamoja na majina mliyozoea. Mvuvi wa Lamu, mwalimu wa Tanga na binti aliyeko Muscat wana majina tofauti ya ndege mmoja, lakini wakiona "phaeopus" wote wanatazama picha moja kitabuni.

Hatua ya 7: Tuma ujumbe ambao mwenzako anaweza kuutumia

Ujumbe wa kawaida kwenye makundi mengi ni huu: "Leo Mida ilikuwa moto, ndege kibao!!" na picha tatu za machweo. Hauna ubaya, ila hakuna anayejua afanye nini nao.

Huu hapa mfano wa ujumbe unaofaa. Namba ni za kuonyesha umbo tu, na bendera ni kile kijibendera cha mguuni nitakachokieleza kwenye hatua ya 8:

"Mida, kwenye kibanda cha daraja. Jumamosi, saa 3:40 hadi 5:10 asubuhi. Maji mafu, yalijaa saa 4:20. Dromas 212, wamehesabiwa mmoja mmoja. N. phaeopus 64. C. ferruginea kama 900, kwa mafungu ya hamsini. Wale wawili wa mchangani kama 400, sikuwatenganisha. Keremkerem 0, niliwatafuta. Mwewe aliwarusha saa 4:45. Hesabu zote ni za kabla. Mwanga mzuri, upepo wa wastani. Bendera moja, naituma peke yake."

Tazama kilichomo: mahali hasa, siku na saa ya kuanza na kumaliza, maji, namba na jinsi zilivyopatikana, asiyeonekana, kilichovuruga. Anayesoma jioni anaweza kwenda Jumapili kwenye maji kama yale na kulinganisha. Baada ya miaka mitatu, ujumbe huo bado una kazi.

Picha ya kutambulisha ndege itumwe kama faili, isitumwe kama picha ya kawaida, kwa sababu programu za ujumbe huibana na kufuta hasa ile ncha ya mdomo mnayobishania. Kumbuka lakini kuwa faili hubeba na mahali picha ilipopigwa.

Hapo ndipo panakuja swali la mambo yasiyotumwa. Viota visitajwe mahali pake. Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, anapolala mchana pasitumwe kwa pini kwa mtu yeyote. Anayetaka kumwona akodi mwongozaji wa msitu, ambaye anajua pia siku ya kumwacha apumzike. Ulimi wa mchanga ambapo ndege hujipanga maji yakijaa unaweza kutajwa, ila taja na umbali wa kusimama. Kundi likianza kuinua vichwa wote kwa pamoja, umeshakaribia mno: rudi hatua kumi. Mwezi wa Machi na Aprili kila mruko usio wa lazima hula mafuta ambayo ndege anayahitaji kuvuka bahari na jangwa. Watoto na mbwa kufukuza makundi huonekana mchezo, na mtu mzima anayewarusha ili apate picha ya mabawa hana tofauti nao.

Mkiwa na kundi kubwa, tenganisheni: moja la taarifa tu, jingine la maongezi, salamu na vichekesho. Bila hivyo, bendera ya saa nne inazikwa chini ya stika za "asubuhi njema" na hakuna anayeiona.

Hatua ya 8: Bendera na pete

Baadhi ya ndege wamevishwa pete ya chuma, na wengine wana kijibendera cha plastiki mguuni chenye rangi na herufi. Mida kwenyewe wataalamu wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya wamekuwa wakiwakamata ndege wa tope kwa nyavu, kuwapima na kuwavisha pete. Ukiona bendera, usikimbilie herufi. Andika kwanza: rangi gani, mguu upi, juu au chini ya kile kiungo cha katikati kinachoonekana kama goti. Kulia ni kulia kwa ndege, si kulia kwako, na ndege akikuelekea mambo hubadilika. Kisha soma herufi, na kama moja huna hakika nayo, weka alama ya kuuliza mahali pake. Nusu ya msimbo uliosomwa kwa uaminifu huweza kumtambulisha ndege. Msimbo mzima uliojazwa kwa kubahatisha humtambulisha ndege mwingine.

Tuma kwa waliovisha kama unawajua, au kwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Jibu hueleza alivishwa wapi na lini. Ukikuta ndege aliyekufa mwenye pete, usimshike kwa mkono mtupu. Piga picha pete pande zote hadi namba yote isomeke.

Hatua ya 9: Ndege adimu

Akitokea, mambo matatu kwa mpangilio huu. Andika maelezo kabla ya kufungua kitabu: ukubwa ukilinganishwa na jirani yake, rangi ya miguu, mdomo, alichofanya, sauti. Ukifungua kitabu kwanza utaanza kuona alama zilizomo kitabuni. Piga picha hata mbaya. Kisha mwite mwenzako aliye karibu aje atazame, bila kumwambia unadhani ni nani.

Kwa eneo letu ipo Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki inayopokea maelezo ya aina zisizotarajiwa. Kukataliwa kwa taarifa si tusi. Hukataa yale ambayo maandishi hayakuyathibitisha, na ndege mwenyewe huenda alikuwa kweli yuleyule uliyemtaja.

Hatua ya 10: Usiache habari ife simuni

Kundi la simu ni la leo na kesho. Simu ikianguka majini, msimu mzima umekwenda nayo. Kila hesabu iingie pia kwenye hifadhidata.

Kenya kuna Kenya Bird Map, inayogawa nchi katika miraba ya dakika tano kwa dakika tano za latitudo na longitudo, takriban kilomita tisa kila upande. Unaingiza kwa programu ya simu ya BirdLasser. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama kwa bidii, ndege wakiandikwa kwa mpangilio ulivyowaona. eBird, ya Cornell Lab ya Marekani, ilianza 2002 na hufanya kazi popote, Pemba hadi Muscat, na inapokea hesabu fupi. Wengi hutumia zote mbili. Kila Januari kuna pia hesabu ya ndege wa majini ya Afrika, sehemu ya hesabu ya kimataifa iliyoanza 1967 na kuratibiwa na Wetlands International. Kenya huendeshwa na Makumbusho ya Taifa pamoja na shirika la Nature Kenya, na watu wa kujitolea hupokelewa. Aliye Nairobi aanze na matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya. Atajifunza kutumia darubini kabla hajafika kwenye tope.

Kama unajiuliza namba hizi huenda wapi: Oktoba 2024, Calidris ferruginea na Pluvialis squatarola walipandishwa hadi daraja la walio hatarini (Vulnerable) kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya dunia ya viumbe wanaoweza kutoweka, na Arenaria interpres akawekwa kati ya wanaokaribia kuwa hatarini. Hao ndio tunaowaita "wale wa kawaida" na kuacha kuwaandika. Uamuzi huo ulitegemea hesabu zilizorudiwa mahali pale pale kwa miaka mingi, nyingi zikiwa za watu wasiolipwa.

Upande wa nchi kavu, mfano wa kazi ya kurudia ni Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, taa za hoteli ya pale huwavuta ndege wadogo wanaosafiri gizani, na wavisha pete huwakamata, huwapima na kuwaachia. Kama uko Voi au Mtito Andei miezi hiyo, toka alfajiri baada ya usiku wa ukungu na uangalie vichaka. Ulichokosa pwani waweza kukipata hapo.

Hatua ya 11: Wasioondoka

Mei, kusi ikiingia, watu hufunga madaftari. Lakini ndege wa mwaka wa kwanza wa aina nyingi hawarudi kaskazini msimu huo. Hubaki hapa hapa, wa kijivu, wamechakaa manyoya, hadi wenzao warudi Agosti. Ni wachache na hawapigiwi picha. Wahesabu mara moja Juni na mara moja Julai, kwenye maji yale yale na kipande kile kile. Namba ya Juni ikipanda sana baada ya miaka miwili mitatu ya kuwa chini, kuna uwezekano makinda mengi yalifika salama msimu uliotangulia. Iandike kundini kwa umbo lile lile la ujumbe: mahali, saa, maji, namba.